Namna ya Kugundua Bendi Mpya za Hevi Metali katika Tanzu Zake Mbalimbali

Msikilizaji wa hevi metali, yaani roki nzito yenye magitaa ya mkwaruzo, aliyeanza na bendi ya Metallica, kama tulivyoanza wengi wetu, hukwama mapema. Programu ya muziki iliyomo katika simu yake humpeleka kwa Megadeth, kisha kwa Slayer, kisha kwa Anthrax, na baada ya muda si mrefu humrudisha kwa Metallica alikotoka. Programu hiyo hupima yale ambayo watu wengi huyasikiliza kwa pamoja, na yanayosikilizwa na wengi ndiyo yaleyale ambayo yeye amekwisha kuyajua. Njia ninayoipendekeza hapa inahitaji kusoma kidogo na kuuliza maswali, lakini haikwami. Muziki huu, tangu ulipoanza, umetengenezwa na watu wachache katika kila mji, watu waliopiga katika bendi za wenzao, wakarekodi katika studio ileile na kazi zao kutolewa na lebo ileile, yaani kampuni ya kutoa rekodi. Ukijifunza kufuata majina ya watu, ya studio na ya miji, kila albamu unayoipenda itakuonyesha nyingine kadhaa ambazo hukuwa na habari nazo.

Kabla ya kutafuta, jua unachokipenda. Chukua albamu moja ambayo huichoki, uisikilize tena kwa makini, na ujiulize ni kitu gani hasa kinachokuvuta. Ikiwa ni kasi na mkwaruzo mkavu wa gitaa linalopigwa huku kiganja kimelalia nyuzi, wewe ni mtu wa threshi, na mbele yako kuna Kreator, Sodom na Destruction wa Ujerumani. Ikiwa ni sauti ya mwimbaji inayonguruma kutoka tumboni, pamoja na magitaa ambayo nyuzi zake zimeshushwa chini sana, utapata makazi katika dethi metali. Bleki metali ina sauti ya mayowe makali, magitaa yanayotetema bila kukoma, na rekodi ambayo mara nyingi huachwa ghafi kwa makusudi. Anayependa mwendo wa polepole na uzito unaokandamiza kifua atafute dumi metali, akianza na Candlemass wa Sweden na albamu yao ya 1986, Epicus Doomicus Metallicus. Anayetaka mwimbaji wa sauti ya juu na nyimbo za kuimbwa na umati mzima aende kwenye paua metali, kwa Helloween wa Hamburg. Wapenzi wa mapigo yasiyo ya kawaida na nyimbo ndefu zenye sehemu nyingi wana progresivu metali, ambako Images and Words ya Dream Theater ya mwaka 1992 bado ni mlango mzuri.

Majina haya ya tanzu yasikutishe, wala yasikufunge. Yanasaidia kutafutia, na mashabiki wenyewe hawaishi kubishana juu yake.

Wapo wanaoshauri kwamba mgeni aanze na historia na kwenda mbele mwaka hadi mwaka. Sikubaliani nao. Anayelazimishwa kuanza na 1970 huisikiliza albamu ya kwanza ya Black Sabbath kama mwanafunzi anayejiandaa kwa mtihani, ilhali albamu hiyo huwa na nguvu zaidi mtu anapoifikia akiwa na swali lake mwenyewe. Kwa mfano, anayejiuliza kwa nini bendi za dumi na za dethi hulegeza nyuzi za magitaa atafika kwa mpiga gitaa wa Black Sabbath, Tony Iommi wa Birmingham, aliyekatwa ncha za vidole viwili na mashine katika kiwanda cha kukata mabati, akajitengenezea kofia ndogo za kuvika vidole hivyo, na baadaye akalegeza nyuzi ili zisimuumize. Hapo ndipo historia inapokuwa na maana, kwa sababu imejibu jambo lililokuwa likikusumbua.

Soma majina yaliyo nyuma ya jalada

Zoezi la kwanza ni rahisi. Katika kila albamu unayoipenda, tafuta jina la mtayarishaji na jina la studio. Tuchukue Ride the Lightning ya 1984 na Master of Puppets ya 1986, albamu mbili za Metallica ambazo karibu kila shabiki anazifahamu. Zote zilirekodiwa katika studio ya Sweet Silence mjini Copenhagen, na mtu aliyefanya kazi hiyo pamoja na bendi ni Mdenmark Flemming Rasmussen. Ukiuliza Rasmussen alifanya nini kingine, majibu yanakutoa kabisa nje ya duara la programu ya simu. Alitayarisha By Inheritance ya Artillery mwaka 1990, albamu ya threshi ya Kidenmark yenye magitaa ya kasi na ladha za Mashariki ambayo kwa maoni yangu haikupata sifa iliyostahili. Mwaka 1993 jina lake linaonekana katika Covenant ya Morbid Angel, ambayo ni dethi metali ya Florida iliyo nzito kwelikweli. Mwaka 1995 akawatayarishia Blind Guardian wa Ujerumani albamu ya Imaginations from the Other Side, na hapo tumeingia paua metali. Jina la mtu mmoja limekupitisha katika tanzu tatu, na masikio yako hayatapata mshtuko mkubwa, kwa kuwa kuna namna ya kupanga magitaa na ngoma ambayo utaitambua kote.

Jalada la albamu hutoa pia orodha ya nyimbo za watu wengine zilizorudiwa, na hizo ni hazina. Garage Inc., ambayo Metallica waliitoa mwaka 1998, karibu yote ni nyimbo za bendi walizozisikiliza walipokuwa vijana: Diamond Head na Budgie wa Uingereza, Discharge na Misfits wa upande wa panki (roki ya haraka na ghafi), Black Sabbath, Motörhead, na Mercyful Fate wa Denmark. Isikilize huku ukiandika majina, kisha uende kwenye nyimbo za asili. Mercyful Fate pekee wanatosha kukufungulia njia mbili, kwa sababu magitaa yao yalifundisha threshi, na mwimbaji wao King Diamond, mwenye sauti nyembamba ya juu na uso uliopakwa rangi nyeusi na nyeupe, alikuwa kielelezo kwa bleki metali iliyokuja baadaye.

Fuata mwanamuziki mmoja kutoka bendi hadi bendi

Wapiga dramu na wapiga besi ndio wa kufuata zaidi, maana huazimwa kuliko waimbaji. Gene Hoglan ni mfano ninaoupenda. Alipiga dramu katika Darkness Descends ya Dark Angel mwaka 1986, mojawapo ya albamu za threshi zenye kasi ya kikatili zaidi. Akahamia katika bendi ya Death na kupiga katika Individual Thought Patterns ya 1993 na Symbolic ya 1995, ambamo dethi metali inageuka kuwa muziki wa kufikirisha. Kisha akaenda kwa Strapping Young Lad, bendi ya Canada iliyotoa City mwaka 1997, albamu yenye ukuta wa sauti unaoelekea kwenye mashine za viwandani. Katika hiyohiyo Individual Thought Patterns utamkuta mpiga gitaa Andy LaRocque, ambaye bendi yake ya kudumu ni ya King Diamond, na mpiga besi Steve Di Giorgio aliyetoka Sadus. Kwa hiyo albamu moja ina milango mitatu ya kutokea, na kila mmoja unakupeleka mtaa mwingine.

Mahali pazuri pa kufanyia ufuatiliaji huu ni kamusi ya mtandaoni ya Encyclopaedia Metallum, ambayo mashabiki wengi huiita Metal Archives na ambayo imekuwapo tangu 2002. Kila bendi ina ukurasa unaoonyesha wanachama wa sasa na wa zamani, na chini ya jina la kila mwanachama zimeandikwa bendi nyingine alizopigia. Kuna pia orodha ya bendi zinazofanana, iliyopangwa kwa kura za wasomaji, na sehemu ya kutafuta kwa nchi na kwa utanzu, ambako unaweza kuandika Kenya au Botswana na kuona ni nani wapo. Kamusi hiyo ina ukali wake: wasimamizi hukataa bendi ambazo kwa maoni yao si metali, kwa hiyo kutokuwamo kwa jina fulani kusikufanye udhani bendi hiyo haipo au haina thamani. Tathmini zilizomo huandikwa na mashabiki wa kawaida, na shabiki aliyekasirika huandika kwa wingi kuliko aliyeridhika. Zisome ili upate majina ya kulinganisha. Hukumu utaitoa mwenyewe.

Mji na miaka yake

Hapa ndipo penye utajiri mkubwa. Katika dethi na bleki metali, mji na miaka mitano au sita vinaweza kukueleza sauti ya bendi hata kabla hujaisikia.

Tampa, Florida, kati ya 1987 na 1993, ndio mfano mkubwa. Katika studio ya Morrisound, fundi Scott Burns alirekodi au kuchanganya kazi za Death, Obituary, Deicide, Cannibal Corpse na nyingine nyingi, hadi bendi za nje zikaanza kusafiri kumfuata. Cannibal Corpse wenyewe walitoka Buffalo, magharibi mwa jimbo la New York, wakahamia Tampa. Napalm Death wa Birmingham walikwenda huko kwa ajili ya Harmony Corruption ya 1990. Sepultura wa Belo Horizonte, Brazil, walifanya kazi na Burns katika Beneath the Remains ya 1989 na Arise ya 1991, na hiyo ndiyo sababu threshi yao ya miaka hiyo ina uzito wa Florida. Katika studio hiyohiyo ya Morrisound, Atheist na Cynic walichanganya dethi na jazi. Focus ya Cynic ya mwaka 1993 ni ya kumpa rafiki anayedai kwamba muziki huu ni kelele tupu.

Stockholm ya miaka hiyohiyo ilikuwa na sauti nyingine kabisa. Entombed walitoa Left Hand Path mwaka 1990, na Dismember wakafuata na Like an Ever Flowing Stream mwaka 1991, zote zikirekodiwa na Tomas Skogsberg katika studio ya Sunlight. Magitaa yao yanaunguruma kama msumeno wa mashine unaokata gogo, na siri yake ni kifaa kidogo cha kukanyaga kwa mguu, HM-2 cha kampuni ya Boss ya Japani, ambacho vitufe vyake vyote huzungushwa hadi mwisho. Jambo hili lina faida kwako unayetafuta bendi mpya, kwa sababu vijana wa leo katika nchi nyingi bado wanakitumia kifaa hicho, na ukiandika jina lake katika sehemu ya kutafuta utapata bendi za miaka hii zilizojitangaza kwa sauti hiyo. Amorphis wa Finland nao walikwenda Sunlight kurekodi Tales from the Thousand Lakes ya 1994, yenye mashairi yaliyotokana na utenzi wa taifa wa Wafini, Kalevala. Ni dethi yenye mwendo wa dumi na kinanda, na ni daraja zuri kwa asiyezoea ngurumo. Gothenburg, kwenye pwani ya magharibi ya Sweden, ilichukua njia ya tatu, ile ya melodia: At the Gates, In Flames na Dark Tranquillity.

Kwa bleki metali, mji wa kuanzia ni Bergen, Norway. Studio iliyomo ndani ya ukumbi wa Grieghallen, chini ya fundi anayejulikana kwa jina la Pytten, ilirekodi De Mysteriis Dom Sathanas ya Mayhem na In the Nightside Eclipse ya Emperor, zote za 1994, pamoja na kazi za awali za Immortal na Enslaved. Enslaved wanastahili kufuatwa kwa miaka yote, kwani walianza na ubaridi wa bleki metali na polepole wakaingia progresivu bila kuukana mwanzo wao.

Hapa inafaa kusema wazi jambo ambalo mgeni atakutana nalo. Historia ya bleki metali ya Norway ina makanisa yaliyochomwa moto, na mwaka 1993 mpiga gitaa wa Mayhem aliuawa na mwanamuziki mwenzake. Hadi leo lipo kundi dogo la bendi zinazoeneza chuki ya rangi. Kabla ya kutoa fedha yako kwa bendi ya utanzu huu usiyoijua, soma mashairi yake na utazame lebo yake na bendi nyingine inazozitoa. Hilo ni suala la dakika chache, na bendi safi ni nyingi mno kiasi kwamba huna haja ya kuvumilia chafu.

Kuzifikia bendi za mwaka huu

Mbinu za hapo juu hukupa mizizi. Kwa bendi zinazochipuka sasa, lebo ndiyo ya kutegemea. Lebo ndogo na za kati huwa na masikio ya mtu mmoja au wawili, na ukishakubaliana na masikio hayo unaweza kujaribu kila wanachotoa. Brian Slagel aliianzisha Metal Blade mwaka 1982 kwa mkusanyiko wa nyimbo za bendi zisizojulikana, na Metallica ilikuwa mojawapo. Peaceville wa Yorkshire walitupa Paradise Lost, My Dying Bride na Anathema, ambao waliuunganisha uzito wa dumi na ngurumo za dethi. Relapse wa Marekani huchukua mambo ya ajabu, na Season of Mist wa Marseille wana orodha pana kuliko wengi. Tazama kile ambacho lebo zimetangaza kwa miezi miwili ijayo, usikilize wimbo mmoja mmoja, na uache bila huruma kile kisichokugusa.

Bandcamp, mtandao ambako bendi na lebo huuza muziki wao, ndio wenye faida zaidi kwa kazi hii. Kila albamu huwekewa alama za utanzu na mji, kwa hiyo unaweza kuvinjari dumi metali ya mji fulani tu. Chini ya albamu huonekana picha za walioinunua. Bofya mmoja wao na utaona kila alichonunua. Mtu aliyenunua albamu tatu unazozipenda, ambazo hazijulikani na wengi, ni mshauri bora kuliko hesabu ya programu yoyote.

Matangazo ya matamasha nayo yana kazi. Chukua bango la Wacken la Ujerumani, la Hellfest la Ufaransa au la Roadburn la Tilburg, Uholanzi, na usome kuanzia chini, kwenye herufi ndogo zinazohitaji kuvuta picha. Majina makubwa ya juu unayajua. Yale ya chini yamechaguliwa na watu wanaosikiliza bendi changa kwa kazi yao, na Roadburn hasa huwapa nafasi wale wanaovunja mipaka ya tanzu.

Nyumbani Afrika

Nairobi ina bendi za metali kwa muda mrefu. Last Year's Tragedy na Parking Lot Grass ni majina ambayo mashabiki wa huko hawahitaji kuambiwa. Njia ya kufuata watu inafanya kazi huko vilevile. Duma, kundi la watu wawili walioitoa albamu ya jina hilohilo mwaka 2020 kupitia lebo ya Nyege Nyege Tapes ya Kampala, walichanganya mayowe ya grindi (mchanganyiko wa metali na panki wenye kasi kali mno) na mashine za kielektroniki kwa namna iliyowashangaza wakosoaji wa Ulaya. Ukirudi nyuma, utakuta wote wawili walipitia bendi za Nairobi za Lust of a Dying Breed na Seeds of Datura. Ukienda mbele, utamkuta mwimbaji wao, Lord Spikeheart, akitoa The Adept mwaka 2024 chini ya lebo yake mwenyewe. Uganda ina Vale of Amonition kwa wapenzi wa dumi. Botswana, yenye mashabiki maarufu kwa mavazi yao ya ngozi, ina Wrust, Overthrust na Skinflint, na hawa wa mwisho hutunga nyimbo zao kutoka katika masimulizi ya Kiafrika. Togo kuna Arka'n Asrafokor, ambao hupigisha ngoma za Kiewe, za kabila la Waewe, pamoja na magitaa mazito, na Antananarivo, mji mkuu wa Madagaska, kuna LohArano. Ninamshauri msomaji asizisikilize bendi hizi kwa huruma ya ujirani. Azipime kwa kipimo kilekile anachowapimia Waswidi, na ataona kwamba kadhaa zinapita.

Namna ya kusikiliza

Spika ya simu huua besi na kuugeuza muziki huu kuwa mkwaruzo. Tumia hedifoni, hata za bei ya chini. Ikiwa bando ni la kuhesabu, pakua albamu mahali penye intaneti ya bure kisha usikilize ukiwa safarini; kurudia wimbo mmoja mtandaoni mara kwa mara kunamaliza fedha bure. Sauti za kunguruma huzoeleka kwa wengi baada ya kuzisikiliza mara chache huku mashairi yakiwa mbele ya macho, na anayeona ugumu apitie kwa bendi zinazotumia sauti zote mbili, kama Opeth katika Blackwater Park ya 2001, ambamo mwimbaji huyohuyo hunguruma na kisha kuimba kwa upole ndani ya wimbo mmoja. Usihukumu albamu ya dumi kwa dakika mbili za mwanzo, maana huenda wimbo haujaanza. Albamu ya threshi, kwa upande mwingine, hujieleza upesi: Reign in Blood ya Slayer nzima haifiki nusu saa.

Weka daftari, au faili katika simu, na kila bendi mpya uiandikie mistari miwili: uliipataje, na ni nani ndani yake wa kufuatwa. Bila hilo utasahau, kwa sababu majina mengi katika muziki huu yanafanana, na nembo za bleki metali hazisomeki hata kwa aliyezichora. Unapofikia albamu uliyoirudia kwa hiari yako wiki nzima, inunue, ikiwezekana moja kwa moja kutoka kwa bendi. Kadi ya mtandaoni inayofunguliwa kupitia M-Pesa inatosha kulipia Bandcamp, na zipo Ijumaa maalumu, zilizoanza mwaka 2020, ambazo mtandao huo huacha fungu lake ili fedha yote, ukiondoa ada za malipo, imfikie mwanamuziki au lebo. Tarehe hutangazwa mapema, kwa hiyo orodha iliyomo katika daftari lako inaweza kungoja hadi siku hiyo.